Wanaoitafuta Palma

Dereva wa lori la maji alisimama kuuliza njia, akakuta mlango wa karakana uko wazi na mtu amepiga magoti nyuma ya friza, bisibisi mdomoni. Alimkodolea macho.

"Kumbe upo?" akasema. "Bosi wangu amehangaika kutafuta fundi wa viyoyozi. Tumeangalia kwenye simu, simu inasema hapa pamefungwa kabisa. Jana wamemleta mtu kutoka Pemba."

Jamaldine akatoa bisibisi mdomoni. "Nani amesema nimefunga?"

"Simu, kaka. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Kulikuwa na ramani ya Palma, barabara ya kwenda Quitunda imechorwa vizuri, na mahali pale pale alipopiga magoti pameandikwa Frio Norte, jina alilolichagua mwenyewe siku alipopaka rangi kibao chake. Chini yake, kwa maandishi mekundu ya Kireno: pamefungwa, moja kwa moja. Dereva akaelekezwa njia, akashukuru, akaondoka. Jamaldine akarudi kwenye friza, lakini mikono ilikuwa imekwisha kukataa kazi.

Alikuwa mzaliwa wa Palma, mtoto wa watu wa minazi na mihogo. Ufundi wa majokofu aliupata Pemba, ile ya Msumbiji, kwa mzee mmoja wa Kimakua aliyefundisha kwa kukaripia. Alirudi kwao wakati gesi ya baharini ilipoanza kuwaleta watu. Miaka ile kila mwenye nyumba ya vyumba viwili aliongeza cha tatu apangishe, kila chumba kilitaka kiyoyozi, na kila kiyoyozi, kwa joto lile na chumvi ile, kilimtaka Jamaldine. Akamwoa Cadija, wakamzaa Yasmin. Halafu vita vikaingia mjini. Wakakimbia na wenzao, kwanza Quitunda, kisha kwa meli mpaka Pemba, kisha Nampula kwa dada yake Cadija, ambako walikaa watatu katika chumba kimoja hadi Jamaldine akajiona anaanza kugombana na kuta. Iliposemwa kwamba mji umetulia, alirudi peke yake. Walikubaliana anakwenda kutazama hali tu. Hakuna aliyetaja kutazama huko kutaisha lini, na siku zikaenda.

Nani aliiandika karakana yake kuwa imefungwa hakujulikana. Huenda ni mpita njia, huenda ni mashine yenyewe iliyoona kimya kimezidi. Jamaldine hakuweza hata kukasirika sawasawa, maana wakati huo lilikuwa jambo la kweli: mji mzima ulikuwa umefungwa. Lakini sasa lilimuumiza. Kazi ya gesi ilikuwa imesimama miaka, na hata ilipoanza kurudi ilirudia ndani ya uzio wa kampuni. Wafanyakazi walilala humo, walikula humo, na mafundi wao walikuwa humo humo. Nje zilibaki nyumba za wageni zenye vitanda visivyolaliwa, wauza vyakula waliokuwa wakipunguza sufuria, na wauza samaki wenye mafriza makuukuu. Wateja waliomjua kwa sura walitawanyika, wengine Mtwara, wengine Montepuez. Wenye uwezo wa kutengenezesha kitu walikuwa wageni wa kupita, na mgeni wa siku hizi haulizi watu barazani. Anaiuliza simu.

Basi ndivyo alivyofahamiana na Joaquina. Kulikuwa na chama kimoja Pemba kilichokuwa kikiwasaidia wenye biashara ndogo walioumizwa na vita, na Joaquina ndiye aliyewekwa kuwafundisha namna ya kuonekana mtandaoni. Hawakuonana hata siku moja. Alimjua kwa sauti tu, sauti nzito kidogo ya mwanamke aliyezoea kusema huku anafanya jambo jingine, ikija kwa ujumbe baada ya ujumbe. Jamaldine alizisikiliza akiwa amesimama kwenye kilima kidogo karibu na mnara, ambako mawimbi ya simu hayakuwa yakikatika.

"Mano Jamaldine," alianza kila mara, kwa lile neno la Kireno la nchi nzima la kumwita mtu kaka, kisha akaendelea kwa Kimwani chake cha Pemba, ndugu wa karibu wa Kiswahili, ambacho Jamaldine alikisikia bila shida. "Kwanza tuwaambie wenye ramani kwamba u hai. Watataka ushahidi. Jipige video bila kukata. Anza barabarani, onyesha kibao, fungua kufuli kwa ufunguo wako, ingia, onyesha vifaa vyako vya kazi."

Alifanya hivyo asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Alitembea polepole, simu mbele yake, mkono mwingine ukifungua kufuli. Kisha alikaa akaitazama video kabla ya kuituma. Aliona barabara isiyo na mtu. Akaona kibao kimepauka. Ndani akaona pampu ya kuvutia hewa, mitungi, koili za shaba, na kwenye kona, godoro lake limekunjwa, na juu ya godoro sahani moja na kikombe kimoja. Hakuwahi kupaona mahali pale kwa jicho la mtu mwingine. Akataka kuirudia bila ile kona, akaona haya kujidanganya, akaituma vile vile.

Yale maandishi mekundu yakaondoka. Alingoja simu ilie. Haikulia.

"Umeandika nini kwenye maelezo?" Joaquina akauliza.

Alikuwa ameandika kwa Kireno safi cha shule: ukarabati wa *frigoríficos* na mifumo ya ubaridi. Joaquina akacheka, si kwa ubaya.

"Mano, nyumbani kwenu mnasema *frigorífico*?"

"Hapana. Tunasema friji. Kwa Kireno tunasema *geleira*."

"Msumbiji nzima inasema *geleira*. Mtu ambaye samaki wake wanaoza haandiki Kireno cha mwalimu. Anaandika *geleira* haigandishi Palma. Mashine inatafuta maneno yake, inakuta wewe una maneno mengine, inakupita. Kaa ukumbuke watu wanavyolalamika wakija kwako, uandike hivyo hivyo."

Jioni ile Jamaldine alikaa mlangoni akawakumbuka wateja wake wote. Mama mmoja aliyekuja akisema friji yake inalia kama mgonjwa. Mwenye duka aliyesema friza inavuja maji. Mzungu aliyesema kiyoyozi kinatoa upepo wa moto. Aliandika yote, kwa Kireno cha nyumbani na kwa Kiswahili, kwa kuwa watu wa Mtwara waliokuwa wakivuka na bidhaa nao walikuwa na mafriza. Wakati anaandika alizisikia sauti za watu masikioni, na wengi wao hakujua waliko. Akaongeza saa za kazi. Akaongeza picha, ya karakana, na ya barabara ile mpaka kule inakopinda kuelekea mjini, paa la msikiti likionekana juu ya minazi, ili mgeni asipotee.

Safari hii simu ililia. Nyumba ya wageni iliyopata wapangaji wawili ilitaka viyoyozi visafishwe. Kliniki ikamwita kwa jokofu la dawa. Mwanamke wa Olumbi aitwaye Alima, aliyekuwa akigandisha samaki na kuwauzia wasafiri wa barabara kuu, alisema mwanawe ndiye aliyetafuta kwa simu ya kuazima, "akaandika friza haigandishi, ukatokea wewe." Jamaldine alipanda pikipiki akaenda, akabadilisha kifaa cha kuwashia kompresa, akaisikiliza inavyonguruma, akaridhika.

"Sasa mwombe aandike maoni," Joaquina alimwagiza. "Neno la mteja mmoja ni zito kuliko maneno yako yote."

Lakini Alima alikuwa na simu ya vitufe. Alimshika Jamaldine mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwombea dua ndefu, akamfungia samaki. Kwenye ukurasa wa Frio Norte mahali pa maoni pakabaki patupu.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo alipopigiwa na Mama Mwanvua.

Namba ilikuwa ya Tanzania. "Hapo ni Frio Norte?" sauti ya mwanamke mzima ikauliza.

"Ndipo, mama. Friji ina tatizo gani?"

"Sina friji, mwanangu. Niko Mtwara kwa ndugu za marehemu mume wangu. Mjukuu wangu alikuwa anaitafuta Palma kwenye simu, akanionyesha picha. Nimeona paa la msikiti. Nikamwambia nipigie hiyo namba. Wewe uko hapo Palma mwenyewe? Sasa hivi?"

"Niko hapa, mama."

"Nyumba yangu iko nyuma ya msikiti huo, upande wa kisima. Mimi ni Mwanvua. Sijui kama imesimama."

Jamaldine alikuwa na mlango wa friji mkononi. Akauegemeza ukutani. "Nipe mpaka alasiri," akamwambia.

Alikwenda kwa miguu. Nyumba aliiona. Mabati hayakuwepo hata moja, na ndani ya chumba cha kulala ulikuwa umeota mpapai, umeshazaa. Kuta zilikuwa nzima. Mlango ulikuwa mahali pake, umefungwa, ingawa mtu angeweza kuingia kwa dirisha lolote. Alirudi hadi kwenye mnara akampigia, na njia nzima aliwaza amdanganye au asimdanganye.

"Mabati yamekwenda, mama," akasema. "Kuta zipo. Chumbani umeota mpapai."

"Na mlango?"

"Mlango upo. Umefungwa."

"Ufunguo ninao hapa," Mama Mwanvua akasema. Baadaye akauliza habari za mpapai kama vile ndilo jambo kubwa: ni dume au jike, matunda ni ya mviringo au marefu. Jamaldine akamwambia ni marefu. "Basi si mbegu yangu," akasema. "Ndege wameileta."

Kumbe Mama Mwanvua alimwambia jirani, na jirani akamwambia mwingine. Wengine hawakuambiwa na mtu. Waliandika tu Palma, au Palma leo, au msikiti wa Palma, na katika mji ambao namba nyingi zilikuwa zimekufa, wakaikuta moja inayoita. Abdulai, kijana aliyekuwa akisoma Nampula, aliomba atazamiwe kaburi la baba yake; Jamaldine akalipata kwenye majani, akayang'oa, akapiga picha akamtumia. Mwanamke mwingine hakutaka nyumba wala kaburi. Alimtafuta mdogo wake, Hassane, aliyekuwa akiuza mafuta ya taa karibu na soko. Jamaldine aliuliza soko zima. Wengine walimkumbuka, hakuna aliyejua alikokwenda. Kumpigia yule dada kumwambia hivyo kulimshinda siku mbili tatu, na alipopiga alisema sentensi moja tu, naye dada akamshukuru kwa adabu kama aliyeletewa zawadi.

Siku hizo ndizo alizozungumza na watu wengi kuliko wakati wowote tangu arudi, na bado alikuwa akila peke yake. Simu ikikatika, karakana ilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla haijalia.

Joaquina aliuona mwenendo ule kwenye takwimu za ukurasa. "Mano, unaonekana sana, lakini wanaokupata si wateja. Wanatafuta mji, hawatafuti fundi. Wanakula muda wako. Ile picha ya barabara na msikiti iondoe. Weka kompresa, weka mikono yako ikifanya kazi. Punguza neno Palma pale lilipojirudia. Biashara zinafungwa kila siku, huku Pemba nazifuta mwenyewe kwenye orodha yangu. Sitaki kukufuta wewe."

Alikuwa anasema kweli, na Jamaldine alijua. Akaitoa picha. Akaweka ya kompresa.

Simu za Mtwara na Nampula zikapungua, kisha zikaisha. Zikabaki za kazi, chache lakini za maana. Alifanya kazi, alirudi, alipika, alilala. Ijumaa Cadija alipiga kama kawaida yake. Alimweleza habari za Yasmin na shule, akamwuliza kama mvua imenyesha. "Imenyesha," akajibu. Wakaagana. Wiki nzima ikapita bila mtu yeyote kumwuliza jambo lolote lisilohusu baridi. Jumatatu, akiwa anangoja gesi ijae kwenye kiyoyozi cha kliniki, alichukua simu akairudisha picha ya barabara. Hakumwambia Joaquina. Joaquina aliona, naye hakusema kitu, ila ujumbe wake uliofuata ulikuwa na sauti ya chini kidogo.

Ujumbe uliokuja baada ya huo ulikuwa wa mwisho. Fedha za chama zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyeongeza. Yeye mwenyewe alikuwa anarudi kwa mama yake kule Metuge mpaka apate kazi nyingine. "Umenisumbua kuliko wote," akasema, akacheka, "lakini ukurasa wako ni mzuri. Usiuache. Kila mwezi weka picha mpya, mashine inapenda kuona mtu yupo. Kwaheri, mano." Jamaldine alirekodi jibu mara kadhaa, akifuta. Mwisho akatuma, "Asante, mana Joaquina, dada yangu. Mungu akufungulie." Tiki ya pili haikutokea.

Ijumaa moja Cadija alipiga mapema kuliko kawaida.

"Baba Yasmin, kuna kijana alikuja hapa kwa dada. Anaitwa Abdulai, alisikia sisi ni watu wa Palma. Amesema fundi mmoja wa Palma alimsafishia kaburi la baba yake, amenionyesha picha, nikaona kivuli chako kwenye majani. Nimekijua kwa kofia."

"Ni mimi."

"Watu wote umewatazamia nyumba zao. Yetu je?"

Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa mji, na tangu arudi hakuwa amekanyaga. Siku ya kwanza alijiambia atakwenda kesho. Kisha akanunua godoro.

"Sijaenda," akasema.

"Nenda. Usinitumie picha. Niambie tu kwa mdomo."

Alikwenda siku hiyo hiyo baada ya sala. Mabati yalikuwepo, yametoboka upande mmoja. Mlango wa mbele ulikuwa umechomwa, umebaki nusu. Ndani watu waliwahi kukaa na kuondoka. Palikuwa na mafiga matatu sebuleni na ukuta umeshika masizi. Kitanda hakikuwepo. Dirishani kwa Yasmin lilining'inia lile pazia la maua alilolishona Cadija, limepauka hata maua hayajulikani, nalo lilipeperuka kwa upepo kama siku zote. Alisimama chumbani mwao. Alijaribu kujua alikuwa akisimama wapi zamani wakati wa kuvaa, akakuta mwili wake unakumbuka, umekwisha kusimama hapo.

Akampigia kutoka uani. Alimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja ubovu wa friji. Cadija alisikiliza bila kumkatisha.

"Pazia lipo?" akauliza mwisho.

"Lipo."

"Liache." Akavuta pumzi. "Baba Yasmin, mimi sirudi huko. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukwambia. Si kwamba sikutaki wewe. Nikilala nasikia zile sauti, na hapa Nampula nazisikia kidogo tu."

"Najua," Jamaldine akasema. Na kweli alijua, alikuwa anajua siku nyingi.

"Wewe utakuja?"

Alitazama uani, mahali walipokuwa wakianika nguo. Alitaka kusema ndiyo. Alifikiria Nampula, mafundi wa friji kila kona, yeye akiwa mgeni katika chumba cha shemeji, akifungua ukurasa mpya ambao hakuna atakayeutafuta. Alifikiria simu ikilia Palma na hakuna wa kupokea.

"Sijui, Mama Yasmin," akasema.

"Haya," akasema Cadija, kwa upole uliomuumiza kuliko kama angelia.

Ile nyumba aliizibia paa, akaipa familia iliyokuja kutoka pande za Mocímboa da Praia ikae. Mwenye familia, Germano, alitaka kumlipa kwa kazi ya shamba. Jamaldine akamwambia atunze tu kisima. Mwaka huo kazi haikuongezeka wala haikufa. Alima wa Olumbi alimnunulia mwanawe simu nzuri, na mtoto akaandika maoni ya kwanza ya Frio Norte: friza ya mama inagandisha, fundi haongei sana. Nyota nne. Jamaldine aliyasoma mara nyingi na hakuelewa ile ya tano imepotelea wapi.

Sikukuu ya Idd alisafiri hadi Nampula. Alipokelewa vizuri. Alipewa sahani ya mgeni, kiti cha mgeni, na Yasmin, aliyekuwa amerefuka mpaka begani kwake, alimsalimia kwa heshima ya mtoto aliyeambiwa asalimie. Siku ya pili akamzoea. Alikaa karibu naye na simu ya shangazi yake, akaandika maneno, akamwonyesha.

"Nakuonaga hapa, baba. Nikiandika geleira Palma unakuja wewe. Nikiandika Palma tu, unakuja pia."

"Unaandika mara nyingi?"

Yasmin akainua mabega, akahamia picha nyingine.

Alitengeneza friji ya shemeji, ambayo mpira wa mlango ulikuwa umechoka. Usiku wa mwisho Cadija alimkunjia nguo zake moja moja, akaziweka kwenye mfuko pamoja na mkate wa mchele, wakaongea habari za Yasmin kama watu wanaolea mtoto mmoja kutoka nyumba mbili, na ndivyo walivyokuwa.

Njiani kurudi, baada ya Pemba, simu yake ililia. Ilikuwa jiko la kambi moja ya wajenzi wa barabara. Chumba chao cha ubaridi kilikuwa kimezima na nyama ilikuwa ndani. Akawauliza kinatoa mlio gani, akawaambia wasikifungue mlango, kesho asubuhi atafika. Mwanamke aliyekaa kando yake kwenye gari, mfanyabiashara wa khanga wa Mocímboa, alikuwa amesikia yote.

"Unarudi nyumbani, kaka?" akamwuliza.

"Narudi kazini," Jamaldine akasema, kisha akamega mkate wa mchele, akampa kipande.